Kisima, Chombo na Ngamia: Chakula na Ufundi wa Eldas na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Katika mikoa ya Japani iliyo mbali na Tokyo na Osaka, msafiri wa ndani huvutwa na mambo matatu ambayo kwa kawaida huyakuta mahali pamoja, nayo ni chakula cha mkoa wenyewe, kazi za mikono za mafundi wa hapo, na onsen, yaani chemchemi za maji moto ambamo watu huoga kwa afya na kwa starehe. Jambo hilo limepewa uzito kiasi kwamba sheria ya mwaka 1948 inaeleza ni maji gani yanayostahili jina hilo: sharti yatoke ardhini yakiwa na joto lisilopungua nyuzi 25 za Selsiasi, au yawe na kiwango kilichowekwa cha angalau moja ya dutu 19 zilizoorodheshwa. Kaskazini mashariki ya Kenya, katika kaunti za Wajir, Garissa na Mandera, chakula, ufundi na maji ya ardhini vimefungamana kwa karibu zaidi kuliko huko Japani, ingawa maji yenyewe ni ya kunywa na kunyweshea wala si ya kuoga kwa ajili ya afya, na ingawa watalii wanaofika ni wachache mno. Tofauti kubwa ni kwamba Japani chemchemi imetulia na mgeni ndiye anayeifuata, ilhali katika Eldas na viunga vyake chakula, chombo na hata nyumba vimetengenezwa ili vihame, na kisima peke yake ndicho kinachobaki mahali pake.

Eldas ni kaunti ndogo na jimbo la uchaguzi katika Kaunti ya Wajir, upande wa kaskazini magharibi wa mji wa Wajir. Wakazi wake wengi ni Wasomali wafugaji, ambao tangu zamani wameshirikiana na Waborana wa kaskazini na magharibi katika malisho, masoko na, mara nyingine, ugomvi. Kaunti nzima ya Wajir ina ukubwa unaozidi kilomita za mraba 55,000, na sensa ya 2019 iliihesabia watu 781,263, kwa hiyo mtu anaweza kusafiri saa nyingi katika tambarare ya migunga na vichaka bila kuona makazi ya kudumu. Mvua katika sehemu kubwa ya kaunti hiyo ni haba, na hata hiyo haba haina ahadi. Mwaka hugawanywa katika misimu minne inayojulikana kwa majina ya Kisomali: gu, ambayo ni mvua kuu ya kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, hagaa, kipindi kikavu chenye upepo katikati ya mwaka, deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na jilal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, ambacho ndicho kipimo cha kila mfugaji na kila kisima.

Chemchemi za maji moto za Kenya zinazojulikana zaidi, kama zile za Ziwa Bogoria na Kapedo, ziko ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo maji ya ardhini hukutana na miamba iliyopashwa moto na nguvu za volkano. Kaskazini mashariki iko nje ya bonde hilo, juu ya mabonde ya kale yaliyojazwa mashapo, na utajiri wake wa maji umejificha kwa namna nyingine. Upande wa kusini upo mkusanyiko mkubwa wa maji ya chini kwa chini unaoitwa hifadhi ya Merti, ambao huanzia Isiolo, hupita Habaswein na kufika Dadaab, na ambao visima vyake virefu vilivyochimbwa kwa mashine vimenywesha kambi za wakimbizi za Dadaab tangu zilipoanzishwa mwaka 1991. Mji wa Wajir, kwa upande wake, umekaa juu ya mawe ya chokaa yanayoshika maji karibu sana na uso wa ardhi, hivi kwamba visima vya mkono vyenye kina cha mita chache tu hutoa maji mwaka mzima, ingawa mengi yana chumvi. Ukaribu huo wa maji una gharama yake, kwa kuwa choo cha shimo hukutana na kisima, na ndiyo sababu wakazi wengi wa mji huo wametumia vyoo vya ndoo kwa miongo mingi na magonjwa ya kuhara hayajapata kuwa mbali.

Visima hivyo ndivyo vilivyoleta watu, na ndivyo vilivyowaleta Waingereza pia, ambao waliweka kituo chao Wajir mwaka 1912 kwa kuwa aliyeshika visima alishika wafugaji. Maofisa wa kikoloni, waliokaa mamia ya kilomita kutoka baharini bila hata ziwa la kujifariji, walianzisha hapo klabu waliyoipa jina la klabu ya mashua ya kifalme, na mzaha huo umedumu katika kumbukumbu za mji kuliko amri zao nyingi. Mambo ya wafugaji wenyewe pale kisimani hayakuwa na mzaha. Kisima kina wenyewe, yaani ukoo uliotoa jasho la kukichimba na unaokifukua mchanga kila mwaka, na mgeni hunywesha mifugo kwa ruhusa na kwa zamu, ijapokuwa mtu mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Miongoni mwa Waborana kazi ya kupanga zamu ina cheo chake, aba herega, ambaye ndiye anayeamua kundi la nani litangulie. Ngamia mwenye kiu aweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika kumi hivi, na kwa hesabu hiyo kundi la ngamia thelathini huhitaji lita elfu tatu zilizovutwa kwa mikono, ndoo baada ya ndoo, na kumiminwa katika hori. Ndoo ya asili ilikuwa ya ngozi na iliitwa wadan, hori lilichongwa kwa gogo au kufinyangwa kwa udongo, na mapigo ya kuvuta yaliongozwa na nyimbo za kazi ambazo katika fasihi simulizi ya Kisomali zimekuwa utanzu wenye heshima yake. Ngamia, kwa bahati njema, huvumilia maji ya chumvi na hata kuyahitaji.

Kutoka kisimani, hatua ya kwanza ya chakula ni maziwa. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye ngamia wengi zaidi duniani, na sensa ya 2009 iliwahesabu karibu milioni 3, wengi wao wakiwa katika kaunti za kaskazini na kaskazini mashariki. Ngamia jike hubeba mimba kwa miezi kumi na mitatu hivi, na akishazaa huweza kukamwa kwa mwaka mzima au zaidi, hata wakati ng'ombe wamekauka. Mkamaji mara nyingi hukama chuchu mbili na kumwachia ndama mbili, mpango ambao humlinda ndama na mwenye ndama kwa pamoja. Maziwa hayo yana vitamini C kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa mara tatu ya yale ya ng'ombe, jambo lenye maana kubwa katika nchi ambayo mboga na matunda ni adimu, na ambamo kijana wa kambi ya ngamia aweza kuishi majuma mengi bila chakula kingine. Kikemia ni maziwa ya aina yake: chembe zake za mafuta ni ndogo na zimeshikamana na protini, kwa hiyo ni vigumu kutoa siagi, na protini zenyewe hazigandi kuwa bonge gumu, kwa hiyo yakichacha hubaki majimaji. Maziwa yaliyochachuka hivyo huitwa susac, na hupatikana kwa kuyaacha maziwa mabichi ndani ya chombo kilichofukizwa kwa siku moja au mbili katika joto la kawaida, bila kuyachemsha na bila kuongeza chochote.

Chombo hicho ndicho kitovu cha habari hii. Wasomali wana vyombo vya namna nyingi, lakini viwili vinatosha kuonyesha ufundi wenyewe: dhil, chombo cha kati cha kukamia na kuhifadhia maziwa, na han, kikubwa zaidi, ambacho hubeba maji au maziwa mgongoni mwa ngamia na hutikiswa mwendoni pale samli inapotakiwa kutokana na maziwa ya ng'ombe au mbuzi. Vyote viwili hufumwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi na magome, zilizochanwa, kulainishwa na kukazwa kwa sindano mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ukuta wa chombo unakuwa mnene kiasi cha kuzuia maji bila ufinyanzi wala chuma. Waborana na Wagabra, majirani wa magharibi, hufuma vya kwao kwa mizizi ya mmea wa porini wa jamii ya asparaga. Kikisha kufumwa chombo hupakwa mafuta, kisha hufukizwa: vijiti vya miti iliyochaguliwa huwashwa, huingizwa ndani vikiwa vinafuka, chombo hutikiswa, halafu majivu hufutwa kwa brashi ya nyuzi. Moto na moshi hupunguza vijidudu, huziba vitundu vya ufumaji na kuyapa maziwa harufu ambayo mnywaji wa Eldas huitafuta kama mnywaji wa kahawa anavyotafuta ukaangwaji wake. Kifuniko nacho hutumika kama kikombe. Si rahisi kutaja kifaa kingine cha Afrika Mashariki kinachounganisha ususi, mapishi na uhifadhi wa chakula kwa werevu wa kiwango hicho, na inashangaza kwamba makumbusho mengi hukiweka kabatini kikiwa kimekauka, mbali na moshi, kana kwamba ni kapu.

Nyama nayo ilihitaji jibu lake, maana ngamia aliyechinjwa ni chakula kingi mno kwa siku moja na hakuna barafu jangwani. Jibu ni nyirinyiri, jina linalotumika Kenya kaskazini kwa kile ambacho Wasomali wa sehemu nyingine hukiita odkac au mukmad. Nyama isiyo na mfupa wala mafuta mengi hukatwa vipande virefu na kuanikwa juani mpaka inapoteza sehemu kubwa ya maji yake, kisha hukatwa vipande vidogo kama dadu na kukaangwa katika mafuta hadi inakuwa kahawia na kavu, na mwisho hutiwa chomboni na kufunikwa na samli au mafuta ya nundu, mara nyingi pamoja na hiliki. Ukavu huwanyima bakteria maji, na mafuta huizuia hewa, kwa hiyo nyama hiyo hukaa miezi bila kuharibika na hubebwa safarini bila shida. Miongoni mwa Wasomali wa kaskazini, hasa Somaliland na Djibouti, chakula hichohicho kimepanda daraja na kuwa mchezo wa harusi: nyama huwekwa katika chombo kilichofunikwa kwa tende zilizopondwa, chombo huvikwa kitambaa na kufungwa kwa kamba yenye fundo lililofichwa, na jamaa wa bwana harusi hushindana kulifungua bila kukata, huku wakitozwa faini kwa kila kosa.

Vyakula vya mjini vinafahamika zaidi na havihitaji maelezo marefu. Anjera, mkate laini wa majimaji yaliyochachuka unaopikwa upande mmoja, huliwa asubuhi kwa samli na sukari, au kwa maini na nyirinyiri. Wali wa viungo na nyama ya mbuzi au ngamia hutawala mchana. Na chai ya maziwa yenye hiliki, tangawizi na mdalasini hunywewa wakati wote, tamu kupita kiasi kwa ulimi wa mgeni. Ambulo, yaani maharage madogo au mahindi yaliyochemshwa kwa muda mrefu na kutiwa mafuta na sukari, ni chakula cha jioni ambacho huenda Mjapani angekielewa kabla ya Mkenya wa bara, kwa kuwa vitamutamu vingi vya kwao hujazwa maharage mekundu yaliyopondwa kwa sukari. Garissa, kwa kuwa iko kando ya Mto Tana, huongeza maembe, ndizi na matikiti ya mashamba ya mtoni, ambayo huuzwa hadi Wajir.

Nyumba ya mfugaji, aqal kwa Kisomali na herio kwa jina lililozoeleka katika miji ya kaskazini mashariki, ni kazi nyingine ya wanawake, na kwa kipimo chochote ndiyo kubwa kuliko zote. Kiunzi chake ni fito ndefu zilizokunjwa zikiwa mbichi hadi zikashika umbo la upinde, hufungwa pamoja kuwa kuba, na juu yake hutandikwa mikeka mizito ya nyuzi za magome na mikeka ya miaa ya mkoma, mti wa jamii ya mtende unaoota kando ya Tana na Ewaso Ng'iro. Mikeka hiyo si pambo: upande mmoja huachwa na manyoya ya nyuzi ili maji ya mvua yateremke, na wakati wa joto sehemu ya chini hukunjwa juu ili upepo upite. Inapofika siku ya kuhama, wanawake huivunja nyumba kwa saa chache, fito zilizopinda hupangwa juu ya ngamia dume wa mizigo zikawa matandiko, mikeka huwa pedi ya kumlinda mgongo, na vyombo vya maziwa huning'inizwa ubavuni, hivi kwamba sehemu za nyumba ndizo zinazoibeba nyumba. Nyumba hutengenezwa na mama na jamaa wa kike wa bibi harusi, na huwa mali yake. Msomi Labelle Prussin, katika kitabu chake African Nomadic Architecture cha mwaka 1995, aliwaweka wanawake wa jamii za aina hii mahali wanapostahili, yaani katika orodha ya wasanifu majengo, jambo ambalo vyuo vya usanifu vya Kenya bado hulipita haraka.

Wanaume huchonga. Kazi yao ni kengele za mbao za ngamia, ambazo kila mchungaji huzitambua kwa mlio, mito ya mbao ya kulalia, bakuli na vijiko. Miti hiyohiyo ya nyika hutoa ubani na manemane, utomvu unaokusanywa Wajir na Mandera kutoka miti ya jamii ya Boswellia na Commiphora, ambao sehemu yake husafirishwa nje na sehemu hubaki kufukiza nguo, nywele na vyumba katika chetezo kila jioni.

Kwa nini, basi, ufundi huu haujulikani hata Nairobi? Sehemu ya jibu ni ya kisiasa. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1926 iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo eneo hili lilikuwa sehemu yake, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru vilikuja vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilidumu kaskazini mashariki hadi 1991. Mashambulizi ya kigaidi ya miaka ya karibuni, likiwemo lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, yameendeleza hofu hiyo. Kilichopenya ukuta huo ni biashara, hasa ya wanawake, ambao hupeleka maziwa ya ngamia kwa mabasi hadi Eastleigh jijini Nairobi na hukaanga nyirinyiri ya kuuza katika mikebe. Biashara hiyohiyo, hata hivyo, imeleta jerikeni ya plastiki iliyokwisha mafuta ya kupikia, ambayo ni nyepesi, haina gharama na haifukiziki. Shingo yake nyembamba haisafishiki vizuri, na maziwa mengi huharibika humo kabla hayajafika mjini. Nyumba nazo zimepata turubai mahali pa mkeka. Ukame wa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, uliua mifugo mingi na kuzihamishia familia pembezoni mwa miji, na mwanamke asiyehama hana sababu ya kufuma chombo cha safari.

Japani iliona hatari kama hiyo mapema, na mwaka 1974 ilitunga sheria ya kulinda ufundi wa jadi, ambayo hudai kwamba kifaa kiwe cha matumizi ya kila siku, kitengenezwe hasa kwa mikono kwa mbinu na malighafi za jadi, na kiwe na mafundi wa kutosha katika eneo moja. Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda maarifa asilia na sanaa za kitamaduni mwaka 2016, inayozipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejesta. Upande wa chakula, mapishi ya Kijapani yaliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2013, na mwaka 2021 shirika hilo liliutambua mpango wa Kenya wa kuokoa vyakula vya jadi, mpango ambao sifa zake nyingi zimeenda kwa mboga za kienyeji, na ambao wafugaji wa Wajir wangeweza kuuliza mboga hizo zinaota wapi kwao. Kipimo cha Japani chenyewe kingekwama hapa, kwa kuwa dhil haina karakana wala kijiji cha mafundi. Hufumwa nyumbani na kila mwanamke kwa ajili ya nyumba yake, na rejesta inayotafuta wazalishaji haitamwona. Kukinunua chombo peke yake kama pambo la ukutani kutamlipa fundi mara moja, lakini kinachokipa kazi ni maziwa, na maziwa yanategemea kisima.

Msafiri anayekusudia kufika huko anapaswa kujua kwamba hawezi kuona yote kwa safari moja. Kati ya Januari na Machi visima hujaa mifugo na watu, na utaratibu wa zamu huonekana waziwazi, lakini maziwa ni machache na hakuna mwenye muda wa mgeni. Baada ya mvua za gu maziwa hufurika, harusi hufanyika na vyombo hutoka, ila familia zimetawanyika mbali na visima na barabara za udongo hukatwa na laga, yaani mito ya msimu. Kabla ya kuondoka ni lazima kuuliza hali ya usalama, na ukifika ni heri kupitia kwa mwenyeji na ofisi ya chifu. Picha kisimani hazipigwi bila ruhusa ya wenye kisima, wala za wanawake bila ruhusa yao. Maziwa yakitolewa hupokewa kwa mkono wa kulia na kuonjwa hata kama moshi wake ni mgeni, na idadi ya ngamia wa mwenye nyumba ni swali ambalo haliulizwi.